Besi Inavuma Lakini Haiongei: Kisa cha Mpiga Besi Mmoja wa Arusha

Kisa hiki nimekiandika kwa wapiga besi na mafundi mitambo wanaoanza kazi za ukumbini. Jina la mhusika nimelibadilisha, hoteli na bendi sizitaji, na mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaondoa. Mimi nilikuwemo kama fundi mitambo wa kuitwa na kama mshauri. Ushauri wangu wa kwanza ulimtia hasara, kwa hiyo msinisome kama hakimu.

## Usuli

Nitamwita Elia. Ni mtu wa Moshi, miaka thelathini na ushee, besi aliianza kwenye kwaya ya kanisani akiwa kidato cha pili. Alikuwa na bendi ya watu 8 ambayo kila Ijumaa ilipiga kwenye ukumbi wa hoteli moja Arusha, na Jumamosi ilifuata harusi na sendofu popote ilipoitwa, kuanzia Usa River mpaka Himo. Walipiga zilipendwa za dansi, rumba ya Kongo, na saa za mwisho Bongo Fleva kidogo ili vijana nao wasimame. Safu yao: solo, rizimu, besi, kinanda, dramu, tumba na waimbaji wawili.

Besi yake ilikuwa ya nyuzi nne, nakala ya muundo wa Jazz Bass ambao Fender waliutoa mwaka 1960. Ina pikapu mbili (si gari, ni zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi), haina betri, na ina vifundo vitatu vya kuzungusha: viwili vya sauti, kimoja cha toni. Aliinunua mtumba mjini Moshi kwa shilingi 320,000. Shingo ilikuwa imenyooka, freti nzima, nyuzi hazigongi popote. Naomba hilo likumbukwe tunavyoendelea.

Mitambo ilikuwa mali ya kiongozi wa bendi: miksa ya chaneli 12, spika mbili za inchi 15, na sabufa moja (spika ya sauti za chini) ya inchi 18 iliyosukumwa kwenye kona ili isiwazuie wahudumu. Besi iliingia kwenye miksa moja kwa moja kwa waya wa jeki, kwenye tundu lile lile la kuchomekea kinanda.

Lalamiko lilitoka kwa kiongozi, na alilisema kwa maneno ambayo nimeyafanya kichwa cha habari: besi inavuma lakini haiongei. Akiwa amekaa kaunta kusikiliza, alisikia ngurumo inayopita chini ya wimbo kama lori linalopanda mlima, lakini huwezi kusema ni noti gani. Nyimbo za dansi haziwezi kuishi hivyo. Kwenye muziki ule besi ina mstari wake, inajibizana na rizimu, na watu wazima wanaocheza wanaufuata kwa miguu hata kama hawajui kuwa wanaufuata.

Elia mwenyewe alikuwa na hamu yake ya siku nyingi. Alitaka sauti ya mviringo na fupi ya rekodi zilizofanywa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 na 1980, noti inayotamkwa ikakoma, kama mtu anayebisha mlango wa mninga kwa kidole kimoja. Alikuwa nazo kwenye simu na alizisikiliza kwa hedifoni kila siku akipanda basi la Moshi kwenda Arusha, kilomita 80 hivi za kusikiliza besi ya mtu mwingine.

## Mfuatano wa mambo

### Januari: gitaa jipya

Desemba ndiyo mavuno ya bendi za huku. Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar na kwingineko, harusi zinafuatana, na mpigaji anayejituma anaingia Januari akiwa na kitu mfukoni. Elia alinijia na swali moja: "Kaka, ninunue gitaa gani?"

Nilipaswa kumuuliza maswali kumi. Nilimjibu. Nilimwambia atafute besi ya nyuzi tano yenye betri, kwa sababu ina saketi ya ndani ya kuongeza na kupunguza besi, kati na juu, na kwa sababu nilikuwa nimeona wapigaji wa timu za sifa makanisani wakifanya nayo vizuri. Alivuka Namanga, akaipata Nairobi, ikamtoka karibu shilingi 900,000 ukijumlisha safari. Ile ya zamani hakuiuza. Aliitundika ukutani, na hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote niliyomshauri.

Nyumbani kwake, kwenye amplifaya ndogo ya kuazima, gitaa jipya lilikuwa tamu. Alinipigia simu usiku akanipigia besi kwenye simu.

Ukumbini, Ijumaa ya kwanza, mambo mawili yalitokea kwa pamoja na yakatuchanganya kwa miezi. La kwanza, kulikuwa na uwazi ambao haukuwepo: ulisikia vidole vikigusa nyuzi. La pili, ngurumo ilizidi. Uzi wa tano, ule wa B ya chini, unatetema mara 31 kwa sekunde, na sabufa ile haikuwa na uwezo wa kuitoa noti hiyo, ilikuwa ikihema tu. Elia akaongeza besi kwenye saketi ya gitaa kwa sababu pale aliposimama hakujisikia. Mimi nikaongeza kwenye miksa kwa sababu aliniomba. Kiongozi alikuja kwenye mitambo akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akarudi kaunta.

### Machi: betri

Kwenye harusi moja Moshi, katikati ya wimbo wa bibi harusi kuingia, besi ilianza kukwaruza, ikafifia, ikazima. Betri ya volti 9 ilikuwa imekufa. Kwenye besi nyingi za aina hii betri huanza kutumika pale tu unapochomeka jeki, upige usipige, na Elia alikuwa na mazoea ya kuliacha gitaa lake limechomekwa tangu wakati wa kufunga mitambo saa sita mchana. Mpiga kinanda aliokoa wimbo kwa mkono wake wa kushoto. Hakuna mgeni aliyegundua.

Sisi tulipaswa kugundua kitu pale. Kama mkono wa kushoto wa kinanda unaweza kuwa besi nzima ya harusi bila mtu kushtuka, ina maana siku zote ulikuwa unafanya nini?

Hatukuuliza. Tulinunua betri za akiba.

### Aprili: kijisanduku cha miguuni

Hapa napita haraka. Aliazima kijisanduku cha kuchakata sauti chenye programu chungu nzima, akakaa nacho wiki tatu, kila Ijumaa sauti tofauti. Kiongozi alimwambia achague moja hata kama ni mbaya. Mwishoni mwa Aprili Elia alikuwa amechoka, amepungukiwa fedha, na ameanza kusema labda ukumbi unamchukia. Alilisema kwa utani. Alikuwa karibu na ukweli kuliko sote.

### Mei: Jumanne ya vipimo

Nilimwomba meneja wa hoteli atuachie ukumbi Jumanne mchana, ukiwa mtupu. Tulikwenda na gitaa zote mbili, futi kamba, na simu yangu ya kurekodia. Masharti yalikuwa mawili: tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na anayesikiliza asiwe jukwaani.

Kwanza Elia alipiga noti moja moja kwa nguvu ile ile, kuanzia E ya chini kwenda juu, nami nikatembea ukumbini. E sawa. F sawa. G hafifu kidogo. A ikaja kama mtu amefungua mlango wa mashine ya kusaga. Nilimwomba arudie. Nikasogea ukutani, ikazidi. Kisha nikapanda jukwaani nikasimama pale anaposimama yeye kila Ijumaa, na A ile ile ikawa karibu haipo.

Tukashika futi kamba. Ukumbi una urefu wa mita 12.5 na upana wa mita 9.3. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, na A ya uzi ulio wazi hutetema mara 55 kwa sekunde, hivyo wimbi lake moja lina urefu wa mita 6.2, na nusu yake mita 3.1. Gawanya: urefu wa ukumbi unaingiza nusu-wimbi nne kamili, upana unaingiza tatu kamili. Chumba kikilingana na wimbi namna hiyo, kuta zinalirudisha juu ya lenyewe nalo linajijaza badala ya kufa. Ukutani shinikizo la sauti ni kubwa kabisa. Lakini kuna mistari ambako wimbi linajifuta: kwa ukumbi huu, mita moja na nusu kutoka ukuta wa nyuma, na katikati kabisa ya upana. Mpiga besi husimama wapi? Kando ya dramu, katikati ya jukwaa, mgongo ukiwa mita moja na nusu kutoka ukutani. Elia alikuwa amesimama mahali ambapo A yake inakufa kwa pande zote mbili, na kiongozi alikuwa amekaa kaunta iliyoegemea ukuta.

Mmoja hasikii anaongeza, mwingine anazama analalamika, na wote wawili wanasema kweli.

Niongeze kwamba nyimbo nyingi za bendi ile zilikuwa kwenye ufunguo wa A, kwa ajili ya koo la mwimbaji wa kiume na kwa sababu wapiga gitaa wanapenda nyuzi zilizo wazi. Sabufa nayo ilikuwa kwenye kona, mahali ambapo kila wimbi la chumba linachochewa kwa nguvu zote.

Jaribio la pili lilikuwa la waya. Nilikuwa nimeazima DI boksi, kile kisanduku kidogo kinachokaa kati ya gitaa na miksa. Besi isiyo na betri inatoa umeme mdogo kupitia pikapu zenye ukinzani mkubwa, nayo inataka tundu lenye ukinzani mkubwa zaidi mbele yake, megaohmu 1 hivi, yaani kilohmu 1,000. Tundu la kinanda kwenye miksa lilikuwa na kilohmu 10 tu. Ukichomeka hapo, pikapu inaelemewa na kinachopotea kwanza ni sauti za juu, yaani vidole, mwanzo wa noti, matamshi yenyewe. Tulichomeka gitaa la zamani kupitia DI boksi, na ule uwazi wa gitaa la laki tisa ukatoka kwenye gitaa la laki tatu. Elia alilivua begani akaligeuza kuangalia nyuma yake, kana kwamba kuna mtu amelibadilisha.

Saketi ya betri kwenye gitaa jipya ilikuwa ikifanya kazi ambayo kisanduku kile kingeifanya kwa sehemu ndogo ya bei.

### Ijumaa iliyofuata: mkono wa kushoto

Jaribio la tatu lilihitaji bendi nzima. Wakati wa kupima mitambo nilirekodi wimbo mmoja mara mbili kutoka meza ya katikati, mara moja bila kinanda, mara moja nacho. Bila kinanda besi iliongea. Kinanda kilipoingia, mstari wa besi ukazikwa.

Mpiga kinanda ni mzee, amezidi miaka 60, na amepiga miaka mingi kanisani ambako hapakuwa na mpiga besi. Mkono wake wa kushoto ulijifunza kubeba besi yote peke yake na haukuwahi kuambiwa uache. Alikuwa akipiga noti za chini katika oktavu ile ile ya Elia, si mara zote sawa na yeye, na mara nyingi akizishikilia. Wawili wakipiga noti tofauti kidogo chini ya hezi 100 (hezi ni mtetemo mmoja kwa sekunde), sikio haliwezi kuwatenganisha. Linasikia tope.

Hapa kisa kinatoka kwenye fizikia. Elia hawezi kumwambia mzee yule apandishe mkono. Ni rika la baba yake, ndiye aliyemwingiza kwenye bendi, na miezi miwili nyuma mkono huo huo ulimfichia aibu harusini. Nilijitolea kusema mimi. Elia akakataa: "Kaka, akisikia kwako atajua nimekutuma."

Tukapitia kwa kiongozi. Naye hakumwambia neno. Alimwita mzee meza ya katikati, akamwagizia chai, akamchezea rekodi mbili bila maelezo. Nilikuwepo.

"Shikamoo baba," Elia akasema alipofika.

"Marahaba. Kumbe ni mkono wangu wa kushoto," mzee akasema, akiutazama kama wa mtu mwingine. "Sasa niupeleke wapi?"

"Panda nao oktavu moja tu, baba. Au upumzike kwenye beti, uje kwenye kiitikio."

"Kupumzika nitapumzika nikifa," akasema mzee, lakini alipanda.

### Juni: marekebisho

Sabufa tuliiomba meneja tuitoe kwenye kona mita moja na nusu kila upande. Alikubali upande mmoja tu, kwa sababu upande wa pili ni njia ya kwenda jikoni, na sahani za moto zina haki zao. Hata huo upande mmoja ulipunguza ngurumo ya A. Kwenye ikwalaiza, kifaa cha kupandisha na kushusha sauti kwa vipande 31 kuanzia za chini mpaka za juu, nilishusha hezi 50 na 63, desibeli 5 kila moja, na nikaondoa lile ongezeko la besi nililokuwa nimelirundika tangu Januari. Wimbo mmoja kiongozi alijaribu kuupandisha hadi B-flati, ambayo iko hezi 58, ili kulikwepa wimbi la chumba. Ulisikika vizuri, lakini wapiga gitaa walinuna kwa kukosa nyuzi zao wazi, na wiki iliyofuata ulirudi A.

Elia alijifunza kuipiga A kwenye freti ya tano ya uzi wa E badala ya kuuacha uzi wa A wazi. Mtetemo ni ule ule 55, lakini noti iliyoshikwa na kidole unaikata unapotaka kwa kulegeza kidole.

Halafu likaja lile alilolitaka tangu mwanzo. Nilimweleza kuhusu James Jamerson, mpiga besi wa Motown kule Detroit miaka ya 1960: nyuzi bapa, yaani zilizoviringishwa utepe laini badala ya waya wa mviringo, kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja (pale nyuzi zinapokalia mwili wa gitaa), na kidole kimoja cha shahada. Elia aliagiza nyuzi bapa kutoka Dar. Sponji tulikata ya kuoshea vyombo. Tukafunga kila kitu kwenye gitaa la zamani.

## Maamuzi na sababu zake

Naona ni haki kueleza kwa nini tulianza kule tulikoanzia, kwa sababu ukisoma mfuatano huu haraka utadhani tulikuwa wapumbavu.

Gitaa lilikuwa kitu pekee katika kisa hiki ambacho Elia alikuwa na mamlaka nacho. Ukumbi ni wa hoteli. Kona ya sabufa ni ya wahudumu. Miksa na tundu zake ni za kiongozi. Mkono wa kushoto ni wa mzee. Ufunguo wa nyimbo ni wa mwimbaji. Kijana anaambiwa besi yako haiongei, naye anageukia kile anachoweza kukigusa bila kuomba ruhusa ya mtu. Kukinunua kingine ni rahisi kuliko kumwendea mtu mzima na kumwambia habari za mkono wake. Laki tisa ilikuwa bei ya kukwepa mazungumzo manne, ingawa hakuna kati yetu aliyeiona hivyo wakati ule.

Mimi nilikuwa na sababu mbaya zaidi. Nilijibu swali kama lilivyoulizwa, maana kujibu swali la gitaa gani kunamfanya mtu aonekane mjuzi.

Uamuzi wa kutoliuza gitaa la zamani ulikuwa wa Elia, kwa sababu ya mapenzi tu. Ulitupa kitu cha kulinganishia. Uamuzi wa kupitia kwa kiongozi badala ya kumwendea mzee moja kwa moja ulichelewesha mambo kwa wiki mbili, na ungekuwa vile vile hata kama tungejua utachelewesha wiki sita.

## Matokeo

Kufikia Julai kiongozi aliacha kulalamika, na kwa mtu yule kunyamaza ni sifa. Wateja wa meza za ukutani waliacha kuhama. Elia aliliuza gitaa la nyuzi tano kwa kijana wa timu ya sifa kwa shilingi 650,000, hasara ya karibu laki mbili na nusu ukijumlisha nauli. Kwa sehemu ya fedha hizo akanunua DI boksi yake.

Sauti yenyewe ilimsumbua kwa mwezi mzima. Akiwa peke yake chumbani, nyuzi bapa na sponji zilimpa mlio mkavu, mfupi, usio na utamu aliouzoea, na mara mbili aliniambia anataka kurudisha nyuzi za zamani. Ndani ya bendi mlio ule ule ulikuwa unakaa mahali pake kama jiwe kwenye msingi. Alikubali siku nilipomchezea rekodi ya ukumbini, na hata hapo alisema, "Si yenyewe kabisa." Kweli haikuwa yenyewe kabisa. Rekodi za studio hazina ukumbi wa mita 12.5.

Nje mambo ni mengine. Harusi za chini ya turubai hazina kuta za kurudisha wimbi, kwa hiyo besi iliyopunguzwa kwa ajili ya ukumbi inasikika nyembamba. Huko Elia hutoa sponji nami hurudisha ile hezi 50. Siku za jenereta lipo tatizo ambalo hatujalimaliza: pikapu zake mbili za koili moja moja hufuta uvumi wa umeme zikifunguliwa zote sawa, lakini akishusha moja apate toni nyingine, uvumi unarudi. Amezoea kuziacha zote wazi na kutafuta toni kwa kusogeza mkono: karibu na shingo kwa rumba ya taratibu, karibu na daraja sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, ikianza.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kumtoa msikilizaji jukwaani. Miezi minne ya kwanza kila uamuzi wa toni ulifanywa na mtu aliyesimama pale wimbi linapojifuta, mahali ambapo tatizo lilikuwa halisikiki. Simu ya kawaida iliyowekwa meza ya katikati ilitufaa kuliko masikio mawili yenye uzoefu yaliyo mahali pabaya. Na simu hairekodi vizuri sauti za chini kabisa! Hilo halikutudhuru, kwa sababu sikio la binadamu halihitaji kusikia hezi 41 ili kujua kuwa noti ni E. Likisikia 82 na 123 na zinazofuata juu yake, linaijaza yenyewe ile ya chini. Ndiyo maana unaweza kuufuata mstari wa besi kwenye redio ndogo ya jikoni. Besi inaongea kwa sauti zake za juu kidogo, na ngurumo ya chini ni uzito tu. Tulikuwa tukiongeza uzito kwenye kitu kilichokosa ulimi.

Kilichotupoteza zaidi ni nafuu ya kweli iliyokuja kwa sababu isiyo yake. Gitaa la betri lilileta uwazi, hilo halina ubishi. Kama lisingeleta chochote, tungelirudisha Februari na kutafuta kwingine. Kwa kuwa lilisaidia kidogo, lilitushawishi kuwa gitaa ndilo tatizo, na kilichobaki ni kupata zuri zaidi. Fundi anayejifunza aitazame sana sehemu hii. Dawa isiyosaidia kabisa unaiacha mapema. Inayosaidia robo ndiyo inayokula miezi. Tungelikamata kosa hili siku ile ile kama tungechomeka magitaa yote mawili kupitia kisanduku kimoja.

Je, Elia alikosea kuamini kuwa chombo kina sauti yake? Hapana, na hapa natofautiana na wanaosema kila kitu ni vidole. Nyuzi bapa na sponji zilibadilisha mlio kwa namna ambayo vidole vyake visingeweza, na bila hizo asingeikaribia sauti aliyokuwa akiisikiliza kwenye basi. Kosa lilikuwa la mpangilio. Tungezifunga Januari, kabla ya kushughulikia waya, kona na mkono wa kushoto, zingezikwa kama vingine vyote, naye angesema nyuzi bapa ni maneno ya watu.

Kuhusu vipimo vya ukumbi, tahadhari moja. Hesabu ile ilitoka nadhifu kwa sababu kuta ni za tofali tupu na ukumbi ni mstatili. Ukumbi wenye paa la mteremko, mapazia mazito au upande mmoja ulio wazi hautakutii hivyo. Tembea kwanza ukisikiliza, futi kamba ije baadaye kukueleza ulichokwisha kusikia.

Jambo la mwisho ni la Desemba. Mzee wa kinanda alikwenda Rombo kwa sikukuu, na akaja kijana wa kumshikia nafasi, mwepesi wa vidole, kutoka kanisa lisilo na mpiga besi. Wimbo wa kwanza ngurumo ilirudi. Nilikuwa nainuka kutoka kwenye mitambo nikamwona Elia ameshamfikia, ameinama sikioni kwake, mkono mmoja begani, wa pili ukionyesha oktavu ya juu. Kijana alitikisa kichwa kukubali, akapanda. Wimbo wa pili ulikuwa kwenye A.